Chai ya mafua: tangawizi, mchaichai, ndimu na asali. Kipi kinaingia lini na kwa kiasi gani

#1 Jikoni_Kariakoo

Wakuu, salaam. Kipupwe kimeingia na kila nyumba ina mtu anayepenga kamasi. Chai ya tangawizi kila mtu anaipika, ila wengi hutupia kila kitu kwenye sufuria kwa mpigo, kinachemka mpaka maji yanakuwa ya kahawia, halafu malalamiko yanaanza: chungu, haina harufu, inachoma tumbo. Kila kiungo kina wakati wake wa kuingia na joto lake. Naweka hapa vipimo na mpangilio, wenye ujuzi zaidi waongeze.

Kwa vikombe 4 vya mililita 250:

- maji lita 1 na robo (robo hiyo inaondoka na mvuke)
- tangawizi mbichi gramu 30, yaani vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima
- mchaichai, majani marefu 6 hadi 8
- iliki punje 4
- mdalasini kijiti kimoja cha urefu wa kidole
- ndimu 2
- asali, kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe, au pungufu

Tangawizi isugue kwa brashi chini ya maji, hakuna haja ya kuimenya. Ikate kwa kukatisha nyuzi zake, vipande vya milimita 3 hivi. Kisha viponde kwenye kinu, mchi mara tatu nne tu, mpaka uone maji ya njano yanachuruzika pembeni ya vipande. Hapo acha. Ukiitwanga mpaka ikawa rojo, ukali utatoka upesi lakini chai itajaa tope ambalo hata chujio la kitambaa halilimalizi, na tope hilo ndilo linalokwaruza koo ambalo tayari linauma.

Tangawizi na mdalasini vianze kwenye maji ya baridi. Funika, chemsha, maji yakishachemka punguza moto yawe yanatokota taratibu, dakika 15. Kifuniko kisitoke. Ukisikia jikoni kunanukia sana, ujue harufu hiyo imeshatoka kwenye chai.

Zima moto. Sasa ndiyo unatia mchaichai uliokatwa na kukunjwakunjwa kwa mkono, pamoja na iliki zilizopasuliwa. Funika tena dakika 8 hadi 10, kisha chuja. Mchaichai ukichemshwa nusu saa unapoteza ile harufu ya ndimu na kubaki na ladha ya nyasi zilizopikwa.

Ndimu na asali haviingii kwenye sufuria kabisa. Vinaingia kwenye kikombe, chai ikishapoa kiasi kwamba unaweza kukizungushia kiganja bila kukiachia.

#2 Mkulima_Same

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea kwenye tangawizi, maana nusu ya matatizo yanaanzia sokoni.

Tangawizi changa ina ngozi nyembamba inayong'aa, unaikwangua kwa ukucha inatoka. Ina maji mengi na ukali mdogo. Iliyokomaa ina ngozi ngumu ya kahawia, ukiivunja inalia na nyuzi zinaonekana. Kwa chai ya mafua chagua iliyokomaa. Hizi zinazoshuka kutoka Mamba Miamba huku Same zikiwa zimekomaa vizuri ni kali, gramu 20 zinatosha kwa lita moja. Kwa hiyo hizo gramu 30 zichukuliwe kama kipimo cha tangawizi ya kawaida. Ionje kwanza kipande kidogo kibichi ndipo uamue.

Iliyosinyaa kidogo haina tatizo. Yenye ukungu wa kijani au bluu kwenye kovu la kukatwa, au iliyolainika na kutoa maji, itupwe yote. Usikate sehemu mbovu ukapika iliyobaki.

Tangawizi kavu na ya unga ni habari nyingine. Ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli, ambayo ndiyo ukali wa tangawizi mbichi, hubadilika kuwa shogaoli ambayo ni kali zaidi na inakaa kooni muda mrefu. Ndiyo maana unga kidogo unawasha kuliko kipande kikubwa kibichi. Kwa lita moja anza na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ukoroge kwanza na maji ya baridi vijiko viwili, ndipo umimine kwenye maji ya moto. Ukiutupia mkavu kwenye maji yanayochemka unafanya madonge, nje yamelowa ndani ni vumbi, na mtu akikutana na donge moja kooni atakohoa mpaka machozi.

#3 Mpenda_Maziwa

Shukrani wakuu. Swali: nyumbani kwetu chai bila maziwa hainyweki. Tatizo ni kwamba tangawizi ikiingia, maziwa yanakatika. Kosa liko kwenye maziwa au kwenye tangawizi? Halafu nasikia mtu mwenye mafua hatakiwi kunywa maziwa kwa sababu yanaongeza makamasi.

#4 Jikoni_Kariakoo

Mkuu, maziwa yako huenda hayana kosa lolote. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, kinafanya kazi ileile ya kugandisha jibini. Kinapenda sana joto la nyuzi 60 hadi 70, na ndilo joto ambalo maziwa yako yanapitia polepole yakielekea kuchemka huku tangawizi ikiwa ndani. Dawa yake ni kukiua kwanza: chemsha tangawizi kwenye maji matupu dakika 10 kamili, maji yakitokota kweli. Baada ya hapo mimina maziwa, hata yakiwa ya baridi, na hayatakatika.

Kipimo: maji vikombe 2, maziwa vikombe 2, tangawizi gramu 30. Majani ya chai, kama unayataka, kijiko kimoja cha chai kilichojaa, yaingie dakika 4 za mwisho. Ukiyachemsha muda mrefu yanatoa ukakasi.

Kama umefanya hivyo na bado yamekatika, basi maziwa yalishaanza kuchacha. Na kwenye chai ya maziwa ndimu usiikaribishe kabisa, utapata mtindi wa moto.

Kuhusu makamasi: maziwa hayaongezi makamasi. Yanapochanganyika na mate yanakuwa mazito, mtu anahisi koo limefunikwa, basi. Anayesumbuliwa na hali hiyo ayaache mpaka apone, asiyesumbuliwa anywe.

#5 Bi_Viungo

Assalaam aleykum. Huku Unguja chai ya viungo tunainywa hata tukiwa wazima, na kwa mafua tunaongeza ukali tu. Kwa lita moja: mdalasini kijiti kimoja, iliki punje 5, karafuu punje 3, pilipili manga punje 6 zilizopasuliwa, na tangawizi kama alivyosema ndugu yetu hapo juu.

Karafuu nasisitiza, tatu. Ina mafuta ya yujinoli ambayo hutia ganzi kidogo, ndiyo maana mtu mwenye koo linalouma hupata afueni. Lakini ukitia punje kumi chai inakuwa chungu, ulimi unakufa ganzi, na harufu ya viungo vingine vyote inazama. Karafuu na pilipili manga ziingie pamoja na tangawizi mwanzoni. Iliki ivunjwe ganda mpaka zile mbegu nyeusi zionekane. Ikiingia nzima bila kupasuliwa, ni kama hukutia.

Viungo viwe vizima. Vya unga vinafanya chai iwe na matope na mdalasini wa unga hugeuka utelezi, kikombe cha mwisho hakinyweki.

Na jamani, angalieni mdalasini mnaonunua. Mdalasini wa kwetu ni gome jembamba, limejikunja tabaka juu ya tabaka, unalivunja kwa vidole. Ule mwingine unaoletwa kutoka nje, kasia, ni gome nene gumu lililojikunja mara moja tu. Kasia ina kumarini nyingi, na anayeinywa kila siku kwa wingi anaweza kuumiza ini. Kwa siku chache za mafua si tatizo kubwa, ila kwa mtu aliyejizoesha kila asubuhi, mdalasini mwembamba ndio wa kutumia.

#6 Mrina_Tabora

Naingia kwenye asali.

Asali iliyoganda haijaharibika wala haikutiwa sukari, ni tabia ya asali nyingi. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, itayeyuka yenyewe taratibu. Usiibandike jikoni.

Asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu, watu wengi wanaitafuta kwa ajili ya kikohozi. Inafaa, na ule uchachu unaendana vizuri na tangawizi, unaweza hata kupunguza ndimu. Ila ina maji mengi kuliko asali ya nyuki wakubwa, hivyo inachachuka upesi. Ukifungua chupa ikatoa povu na harufu ya pombe, imeshachachuka.

Kupima asali kwa kuidondosha kwenye maji au kuiwasha kwa kiberiti si kipimo. Sharubati nzito ya sukari inazama vilevile, na asali halisi yenye unyevu inakataa kuwaka. Nunua kwa mtu au chama unachokijua.

Kwa nini isiingie kwenye sufuria: haiwi sumu ikichemshwa, hilo watu wanaongeza chumvi, lakini harufu yake inapotea na unabaki na utamu tu. Basi ungetia sukari ukaokoa pesa. Asali inatuliza kikohozi kwa sababu ya uzito wake kooni, kwa hiyo kijiko kimoja kikilambwa chenyewe dakika chache kabla ya kulala, chai ikishanywewa, kinafanya kazi vizuri kuliko vijiko vitatu vilivyoyeyushwa kwenye kikombe kikubwa.

#7 Nesi_wa_Zamu

Naomba msome hili kabla hamjawapa watoto.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja HAPEWI asali. Si kwenye chai, si kwenye uji, si kupakwa ulimini. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayesababisha botulizimu, na utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kumzuia asikue. Ugonjwa huo unalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kuichemsha hakusaidii, maana mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka. Na mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hakuna chai ya aina yoyote. Pua ikiziba, tone moja mbili za maji ya chumvi ya duka la dawa kabla ya kunyonya.

Mwaka mmoja hadi mitano: asali nusu kijiko cha chai. Miaka 6 hadi 11: kijiko kimoja cha chai. Tangawizi kwa watoto iwe nyepesi sana, chai ya wakubwa robo kikombe, ijazwe maji ya uvuguvugu. Pilipili manga na karafuu waachieni wakubwa.

Kwa watu wazima: mwenye kisukari ahesabu asali kama sukari, kwa sababu ni sukari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini asizidishe tangawizi wala kitunguu saumu bila kuongea na daktari wake. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze tangawizi na ndimu, na asinywe kabla ya kula.

Joto pia ni muhimu. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki una wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Kile kipimo cha kiganja kwenye #1 ni kizuri. Chai ya kupuliza na kufyonza kwa kelele haiponyi haraka zaidi.

Na tuelewane: mafua yanaletwa na virusi, na chai hii haiui kirusi chochote. Inalegeza makamasi, inatuliza koo, inarudisha maji mwilini, mgonjwa analala. Mafua yanaisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Amoksilini iliyobaki kwenye droo haina kazi hapa, antibayotiki haziui virusi. Na dawa nyingi za mafua za pakiti zina parasetamoli ndani yake. Ukiongeza vidonge vya parasetamoli kando, unaweza kupita gramu 4 kwa siku, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima, na ini likaumia.

#8 Kijana_wa_Jiji

Nesi asante. Vipi kitunguu saumu? Na majani ya mkaratusi, watu wanachemsha na kunywa kikombe kizima. Ni sawa?

#9 Nesi_wa_Zamu

Mkaratusi usinywe. Mafuta yake ni sumu yakimezwa, na kwa mtoto hata kiasi kidogo cha mafuta yale ya kwenye chupa kinaweza kuleta degedege. Majani yake watu huyatumia kujifukiza, na hata huko tahadhari ni maji ya moto yenyewe. Watoto wanaungua sana kwa sufuria iliyopinduka chini ya shuka. Mtoto asijifukize. Mtu mzima aweke bakuli mezani, si mapajani, na maji yapoe kwanza dakika chache.

Kitunguu saumu hakina ubaya kwa kiasi cha chakula. Jikoni_Kariakoo atakueleza namna ya kukitia.

#10 Jikoni_Kariakoo

Punje moja kwa kikombe. Iponde, iache kwenye kibao dakika 10. Kile kinachonukia kwa ukali hakimo ndani ya kitunguu kizima, kinaumbika baada ya kupondwa, na joto kali linakivunja. Kwa hiyo kiingie kwenye kikombe pamoja na ndimu, si kwenye sufuria. Watakaoshindwa na harufu wakiache, chai haitapungua kitu cha maana.

#11 Mpishi_Kiambu

Habari zenu. Huku Kenya ukiagiza "dawa" hotelini unaletewa maji moto, tangawizi, limau na asali kwenye glasi. Kwa mtu anayeishi peke yake hiyo ndiyo njia rahisi, haihitaji sufuria. Kwaruza tangawizi ujaze kijiko kimoja cha chakula, weka kwenye kikombe kizito, mimina maji yanayochemka mililita 250, funika na kisahani dakika 10. Chuja, kamua nusu limau, tia asali.

Inayoharibu dawa nyingi ni limau kukatwa slesi na kuachwa ndani na ganda lake. Ile nyama nyeupe chini ya ganda inatoa uchungu maji yakiwa moto, na mbegu pia. Zungusha limau mezani ukilikandamiza kwa kiganja, likate, likamulie kwenye chujio. Ukitaka harufu ya ganda, menya utepe mwembamba wa rangi ya juu peke yake, bila nyeupe, uloweke dakika 2.

Kwa wale wanaopika kwa sufuria ya alumini: limau likichemkia humo linakula alumini kidogo na chai inapata ladha ya sarafu mdomoni. Sababu nyingine ya kulingojesha mpaka kikombeni. Na ukiona chai ya majani imepauka baada ya kutia limau, haijaharibika, asidi ndiyo inapunguza rangi.

#12 Msafiri_Kaskazini

Wakuu, kwa sisi tulio Ulaya, mchaichai wa majani haupatikani. Maduka ya Waasia yanauza mashina tu, meupe na magumu, au mkavu wa pakiti. Vipimo vinabadilikaje?

#13 Bi_Viungo

Mashina nayo yana harufu, ila yamefunga. Shina moja kwa lita moja linatosha. Toa tabaka la nje lililokauka, ligonge ile sehemu nene ya chini kwa ubapa wa kisu mpaka lifunguke, likate vipande vitatu. Kwa kuwa ni gumu, liingie dakika 5 za mwisho kabla ya kuzima moto, kisha libaki humo dakika 10 ukishazima. Ukinunua mengi yatie kwenye friza, hayapotezi kitu.

Mkavu: kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa lita moja, moto ukishazimwa, dakika 10. Unuse kwanza. Ukiwa hauna harufu pakitini, hautakuwa nayo kwenye kikombe.

#14 Mpenda_Maziwa

Swali la mwisho kwangu. Mgonjwa akiamka saa nane usiku anataka chai. Naweza kupika jioni nikaiweka kwenye chupa? Na anywe vikombe vingapi kwa siku?

#15 Jikoni_Kariakoo

Iweke, lakini chai iliyochujwa tu, bila ndimu na bila asali. Suuza chupa kwa maji ya moto kwanza ili isinyonye joto, jaza mpaka juu, funga. Inakaa vizuri usiku mzima. Kando yake weka kichupa cha asali, kijiko na ndimu nzima, ikatwe wakati wa kunywa. Ya maziwa usiilaze kwenye chupa, inachacha. Iliyobaki isiyo na maziwa inakaa kwenye friji siku 2, unapasha kiasi cha kikombe kimoja kimoja.

Ya usiku isiwe na majani ya chai, kafeini itamkosesha usingizi anaouhitaji. Vikombe 3 hadi 4 kwa siku vinatosha, kiu inayobaki anywe maji na supu.

#16 Nesi_wa_Zamu

Na akiamka hiyo saa nane, mwangalie. Mtu mzima akipumua kwa shida, akibanwa na kifua au akiwa na homa isiyoshuka, apelekwe kituo cha afya. Homa yoyote kwenye maeneo yetu ya malaria ipimwe, usihesabu kuwa ni mafua tu. Kikohozi kikifika wiki 2, makohozi yapimwe kifua kikuu. Kwa mtoto, mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi, mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi, au kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa. Huyo anapelekwa usiku huohuo, chai ibaki jikoni.